Mistari ya Wagonjwa

Mume alizitoa karanga mfukoni, akazipanga juu ya meza katika mistari mitatu, na dada yake akaacha kula ili atazame. Ilikuwa Jumapili mchana. Mabinti pacha walikwisha kutoka mezani, na mke alisimama kwenye mlango wa jiko akifuta sufuria, akisikiliza kwa sikio moja tu. Habari za kituo cha utafiti alizisikia kila siku, na hazikuwahi kumzuia kupika wala kushona.

"Hii ya katikati ndiyo Mkaidi," mume alisema.

Mkaidi lilikuwa jina alilolitunga mwenyewe. Katika makaratasi ya kituo karanga hiyo iliitwa 214, lakini yeye ndiye aliyeizaa kwa mikono yake, akipiga magoti jioni baada ya jioni kuyafungua maua kwa koleo ndogo, kuondoa sehemu zake za kiume, na kurudi alfajiri kuyapaka chavua ya mmea mwingine. Maua arobaini yalipukutika. La arobaini na moja lilishika, likateremsha udongoni kikonyo chake chenye ncha kama sindano, likazaa maganda mawili. Mume mwenyewe kituoni walimwita Kalamu, kwa sababu kalamu haikutoka nyuma ya sikio lake, na ndiye aliyeandika kila kitu kilichoota na kila kilichokufa.

"Na hizi za pembeni?" dada yake akauliza.

"Wagonjwa."

Akamweleza. Kulikuwa na kipande cha ardhi kituoni ambacho wafanyakazi walikiita shamba la wagonjwa. Kila mbegu iliyopimwa ilipandwa katikati ya mistari ya karanga dhaifu, na hizo dhaifu ziliwekewa makusudi vidukari, wadudu wadogo wafyonza majani, wenye ugonjwa wa kudumaa, ule ambao majani hugeuka manjano na kujikunyata mpaka mmea unafanana na ngumi, na chini hakuna ganda hata moja. Vidukari walihama kutoka kwa wagonjwa kwenda kwa waliopimwa. Wa kufa walikufa. Aliyebaki kijani miezi miwili katikati yao, huyo ndiye aliyestahili kuitwa mbegu.

"Kumbe mnamlaza mzima wodi ya wagonjwa," dada mtu akasema.

"Ndiyo hivyo. Asipoambukizwa, ujue ana kitu mwilini."

Kitambaa kilikuwa kimeacha kuizunguka sufuria. "Na mtu akiwang'oa hao wagonjwa?" mke akauliza.

Wote wawili wakageuka. Mume akacheka kwa wema na kusema hakuna wa kuwang'oa, hata mlinzi wa getini anajua ile mistari ni ya nini. Lakini wakiondolewa jaribio limekufa, akaongeza, maana mmea utabaki kijani kwa sababu hakuna kilichougusa, na watu watausifu bure.

"Wifi yangu leo amekuwa mtafiti," dada mtu akasema, akirudi kwenye sahani yake. "Baki na cherehani, mama. Tukuachie na utafiti, sisi tutavaa nini?"

Mke alicheka pamoja nao. Kisha akaingia jikoni, akaiweka sufuria chini, na kusimama akiushika ukingo wa karo kwa mikono miwili.

Misimu mitatu iliyopita mume alikwenda kumzika mjomba wake, na kituo kilikuwa na upungufu wa watu wa palizi. Mke alichukua siku tano za kibarua. Msimamizi aliwaambia wapalilie na wasiguse vibao vya namba; hakusema zaidi, kwa sababu vibarua wengine wote walikuwa wazoefu. Yeye alipewa kona ya mwisho, karibu na bomba. Mama yake mzazi alimfundisha kwamba karanga iliyojikunyata haiachwi shambani hata saa moja, kwa hiyo kila alipoikuta aliing'oa, akaifunga kwenye aproni, akaenda kuichoma mbali, nyuma ya lundo la mboji. Hakumwambia mtu. Wala hakuficha. Alilisahau jambo hilo kama mtu anavyosahau kwamba alimsogezea mwenzake kiti.

Na Jumatano, siku tatu tu mbele, familia sitini zingepewa mbegu ya Mkaidi wapande mashamba yao yote. Siku hiyohiyo Daktari, mtafiti mkuu wa kituo, angemkabidhi Kalamu barua ya ajira ya kudumu, baada ya miaka kumi na mitatu ya mikataba ya miezi mitatu mitatu.

Huenda haikuwa kona ile, alijiambia. Shamba lilikuwa na kona nne.

*

Jumatatu saa sita mchana mke alifunga chakula, akaenda kituoni kwa miguu. Mlinzi alimfahamu tangu pacha hawajazaliwa, na bado alimsukumia daftari la wageni aandike jina, saa na shida iliyomleta. Kwenye safu ya shida aliandika: chakula.

"Mke wa bosi mpya," mlinzi akasema akilisoma daftari lake. "Jumatano mumeo naye atapita geti kubwa. Leo wewe zunguka kule wanakopitia vibarua."

Akazunguka. Mume alikuwa ghalani, kwenye meza ndefu, akichagua mbegu: nzima huku, zilizochubuka kule, zenye makunyanzi kapuni. Vidole vyake vilikwenda bila macho kuvifuata. Ukutani palibandikwa bango jipya lenye picha ya Mkaidi, na chini yake jina la Daktari, majina ya wakubwa wawili ambao mke hakuwahi kuwasikia, kisha maneno "na wasaidizi".

"Mbona leo umekuja mwenyewe?" mume akauliza. "Watoto wako wapi?"

Mke akaurudisha mlango. Kwanza alimuuliza Mkaidi ilipimwa wapi katika shamba la wagonjwa, upande gani. Mume alisema kona ya bomba. Mbegu zilikuwa chache mwaka ule, mistari miwili tu, mahali pamoja tu. Basi mke akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, chakula kikiwa bado mkononi: palizi, majani ya manjano, aproni, moto nyuma ya mboji. Alisema hakuhesabu, ila aproni ilijaa mara tatu.

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alidhani mume angekaa chini, au angeshika kichwa. Lakini vidole viliendelea: nzima huku, mbovu kule. Na hapo mke akaelewa, kwa sababu mtu hachagui mbegu anapopigwa na jambo asilolijua.

"Ulijua," akasema.

"Sikujua kuwa ni wewe."

"Ulijua nini?"

Mume akakung'uta mikono. Sasa alizungumza kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Niliporudi msibani niliona mapengo. Nikasema ni kware wamefukua."

"Kware anafukua mbegu. Mmea wa wiki saba ataung'oaje kware?"

"Najua."

"Uliandika?"

Mume alirudi kwenye mbegu zake. Daftari la shamba lilikuwa na safu ya maelezo mwishoni mwa kila mstari. Mke aliwahi kumwona akiijaza nyumbani, mwandiko umenyooka kama mishono. Kama angeandika mapengo, Daktari angeifuta kona nzima, na Mkaidi pamoja nayo. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa kubwa, vidukari hawakuonekana, shamba la wagonjwa likawa zima kila upande. Kwa hiyo kilichotegemewa kilikuwa kipimo kile kimoja tu. Baada ya hapo Mkaidi ilipandwa kwenye mashamba safi ya kituo, ikazaa hadi wakubwa wakaja na kamera.

"Huwezi kusema ni dhaifu," mume alisema. "Mimi pia siwezi. Baba yake ni imara, nimempima mara sita. Mtoto anaweza kuwa amerithi."

"Au hakurithi."

"Au hakurithi."

"Basi ipimwe tena."

"Itapimwa. Msimu huu huu nitaipanda mwenyewe katikati ya wagonjwa, kona zote nne. Ikianguka nitasema."

"Ikianguka, shamba la wifi litakuwa limeanguka siku hiyohiyo."

Alitaka kusema zaidi, lakini mlango ulifunguliwa na Daktari akaingia, mwanamke mrefu mwenye viatu vya shambani na miwani iliyoning'inia kifuani. Alinusa hewa, akasema ana njaa ya kuwapora watu chakula chao. Akamshika mke bega, akamwambia Jumatano asikose, maana siku hiyo ni ya mumewe kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mradi ungefungwa mwisho wa mwaka, alisema, na kama si Kalamu wangeufunga mikono mitupu. Mke alisema ahsante. Alisikia jinsi lile neno lilivyotoka likiwa limekauka.

Mume alimsindikiza hadi kwenye kigeti cha vibarua. Wafanyakazi wawili walipita na toroli, akawasubiri wapite.

"Ukienda kusema," akamwambia, "usiseme umeniharibia mimi. Mimi nimeshazoea. Sema umewaharibia watoto wako."

*

Jumanne dada mtu alikuja na magunia matatu yaliyotoboka, yashonwe ili kesho yabebe mbegu. Alikaa kwenye kigoda barazani, kando ya cherehani, akanyoosha miguu na kuzungumza bila kupumua. Alikuwa amekodi ekari mbili zaidi, mwenyewe alimbembeleza mwenye ardhi wiki nzima. Mwaka wa ugonjwa, alisema, alivuna ndoo moja mahali pa magunia manane. Alichimba mstari mzima akiwa peke yake, akijua hakuna kitu, lakini mikono haikukubali kuacha. Safari hii hatachimba hewa.

"Na zile mbegu zako za zamani?" mke akauliza, macho yakiwa kwenye sindano.

"Nimezikaanga. Zimekwisha sokoni, kikombe kwa kikombe."

"Zote?"

"Za nini tena?"

"Ungebakiza hata debe moja, wifi. Kwa tahadhari."

Miguu ya dada mtu ikarudi chini ya kigoda. "Tahadhari ya nini?"

"Tahadhari tu. Mbegu ni ngeni."

"Ngeni kwako. Mdogo wangu ameilea kama mtoto wa tatu." Alimtazama mke kwa muda, kisha akacheka bila furaha. "Sikiliza. Nimekuona tangu Jumapili. Mumeo anapanda ngazi, wewe unakunja uso. Kuna wake wanaoogopa mume akipata, kwamba atawatazama vingine. Mimi sikukufikiria hivyo."

"Si hivyo, wifi."

"Basi ni vipi? Kama una neno, litoe. Tupo wawili tu."

Uzi ulikatika. Mke aliinama kuupitisha tena tunduni, na tundu la sindano likamkwepa mara ya kwanza, na ya pili. Kama angetamka wakati ule, ni wawili tu ambao wangesikia, na pengine kati yao wangetafuta njia. Lakini akilini aliona uso wa mumewe ukiwa umeinamia mbegu, akaona mlinzi na daftari lake.

"Sina neno," akasema.

Dada mtu aliyakunja magunia yake. La tatu lilikuwa limeshonwa nusu; alilichukua hivyohivyo, akisema atalimalizia nyumbani kwa sindano ya mkono, asimchoshe mwenye mawazo mengi.

Jioni hiyo mume na mke waliongea kupitia watoto. Mwambieni mama yenu shati langu la kesho lipigwe pasi. Mwambieni baba yenu limekwisha kupigwa. Mwambieni mama yenu ahsante. Mmoja wa pacha aliuliza kama kesho baba akishapata cheo wataajiri mtu wa kupeleka hizi habari, kwa kuwa wao wana kazi ya shule. Hakuna aliyecheka, naye akajiona amekosa, akaenda kulala bila kuambiwa.

Walipobaki wawili, mume alivuta kigoda kilekile cha dada yake, akakaa. Hasira ilikuwa imemwisha. Alisema kwa utaratibu, kana kwamba anasoma alama za shambani, kwamba mara hamsini na mbili ametia sahihi mkataba. Kwamba kila mara hukaa siku mbili tatu kabla ya mkataba mpya akiwa si mfanyakazi wa mahali popote, na siku hizo huenda kazini vilevile, kwa sababu maua hayangoji. Chai ya wafanyakazi wa kudumu huinywa akiwa amesimama nje ya dirisha, wanampitishia kikombe. Hajawahi kulalamika. Alitaka mara moja tu aingie mlangoni akanywe akiwa amekaa.

"Nakuomba," alisema. "Sikuamrishi. Nakuomba."

Mke aliuondoa mguu kwenye kanyagio. Angependa kumwambia ndiyo. Alimpenda mtu huyu, na alijua kikombe kile kwa rangi yake. "Nilitumaini utasema wewe," akajibu. "Tangu jana ninangoja useme wewe."

Mume akasimama na kukirudisha kigoda mahali pake ukutani.

*

Jumatano, uani pa kituo, magunia ya Mkaidi yalipangwa kwa safu mbele ya ghala, ishirini na nne, midomo yake imefungwa kwa kamba mpya. Mume ndiye aliyeyatoa asubuhi mapema, peke yake, kabla watu hawajafika. Wakulima walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni. Dada mtu alikuwa mstari wa mbele, magunia yake yamekunjwa mapajani. Mke alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, na mtu wa kwanza kumsalimu alimpongeza.

Daktari hakuwa na hotuba ndefu. Aliwashukuru, akawaeleza mbegu ipandwe kwa nafasi gani na ivunwe lini. Kisha akasema jambo moja la kuzingatia kuliko yote: shamba zima liwe Mkaidi. Wasichanganye na karanga nyingine, wasipande za zamani pembeni kwa wasiwasi, maana mbegu ikichanganyika haitauzika kama mbegu. Vichwa vilitikisika kwa kukubali. Mume, ndani ya shati lililonyooshwa, alishika orodha, kalamu nyuma ya sikio, akaita jina la kwanza. Lilikuwa la dada yake.

Mke alianza kutembea. Baadaye hakukumbuka kupiga moyo konde. Miguu ilikuwa imekwisha kupita mabenchi matatu ndipo alipotambua kwamba anakwenda. Alimfikia Daktari wakati mmoja na dada mtu, akaomba waongee pembeni. Daktari alitabasamu, akasema leo hakuna pembeni, ni siku ya furaha, aseme hapahapa.

Basi akasema hapahapa. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo watu walinyamaza ili wasikie. Alisema msimu wa kipimo yeye alipalilia kona ya bomba, na kwamba aliwang'oa wagonjwa, na kuwachoma. Alisema hakujua. Alisema mbegu hii haikupimwa.

Daktari alivaa miwani yake, kana kwamba maneno yale yaliandikwa mahali fulani. Kwenye benchi la nyuma mtu aliuliza anasema nini, akaambiwa anyamaze. "Kalamu," Daktari akaita, bila kumwondolea mke macho. "Uliandika alama za kona ile mwenyewe. Mkeo anasema kweli?"

Kila kitu kilisimama hapo. Angeweza kusema hapana; neno moja tu, naye mke angebaki mwanamke aliyechanganyikiwa siku ya heshima ya mumewe, na watu wangemsaidia kumpeleka nyumbani kwa upole. Mume aliitazama orodha mkononi. Akaikunja mara mbili, akageuka, akaingia ghalani. Watu walidhani amekimbia. Lakini alitoka na daftari la shamba, jalada lake limeliwa na udongo, akalifungua ukurasa bila kutafuta, akalishika mbele ya Daktari.

"Hapa kwenye maelezo palikuwa pa kuandikwa mapengo kumi na tisa," alisema. "Sikuandika."

Kumi na tisa. Mke aliisikia namba hiyo kwa mara ya kwanza. Kumbe aliwahesabu.

Daktari alisoma safu ile tupu. Kidole chake kikateremka hadi chini ya ukurasa, mahali ambapo mkuu wa utafiti hutia sahihi kuthibitisha kwamba amekwenda na kuona, na kikakaa hapo juu ya sahihi yake mwenyewe. Halafu alifunga daftari, akawaambia wakulima kwamba leo Mkaidi haitatoka.

Kelele zikapanda. Mmoja aliuliza nani atamrudishia siku yake. Mwingine alisema ndiyo maana hawapendi mambo ya serikali. Mwanamke mmoja wa makamo alisimama, akasema wao tangu zamani huwang'oa wagonjwa, na huyu mama amefanya ambalo yeyote hapa angelifanya, basi wapewe mbegu, nao watang'oa. Daktari alimjibu kwa heshima. Mnapouona mmea umejikunyata, alisema, vidukari wamekwisha kuhama, na mwaka ule wa ugonjwa ninyi nyote mling'oa, mlivuna nini? Yule mwanamke akakaa. Daktari akaeleza kwamba kituo kina mbegu ya zamani, yenye maganda madogo, lakini inastahimili. Haitoshi wote, itatosha nusu nusu.

Dada mtu hakuwa amerudi kwenye benchi. Alisimama mbele ya mke, magunia mkononi, sauti yake chini kuliko ilivyowahi kuwa.

"Jana nilikuuliza."

"Ndiyo, wifi."

"Kwa kinywa changu. Nikakwambia tupo wawili tu."

Dada mtu alimpita, akampita na mdogo wake, akaenda kujipanga kwenye foleni ya mbegu yenye maganda madogo. Alikuwa wa kwanza, na ekari zake zilikuwa nne.

Ilipofika adhuhuri uani palibaki mabenchi. Daktari alimwita Kalamu kwenye kizingiti cha ofisi. Mke, aliyekuwa akiokota vipande vya kamba kwa kukosa la kufanya, aliwasikia.

"Barua ninayo mfukoni," Daktari alisema. "Nimekaa nayo tangu asubuhi."

"Najua."

"Siwezi kukupa."

"Najua, Daktari."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka tarehe akilini, na hakusema kama kutakuwa na mwingine. Alisema tu kwamba Mkaidi ipandwe kwenye wagonjwa, kona zote, kabla ya Ijumaa, na kwamba safari hii atatembea mistari yeye mwenyewe. Kisha akaingia ndani. Mlango wa ofisi ulikuwa na springi. Ulijifunga polepole, mpaka mwisho.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na mbegu haiachwi nje. Mume alivua shati jeupe, akalitundika kwenye msumari, akarudi kwenye safu ya magunia. Alikumbatia la kwanza, akalinyanyua hadi magotini, akajikokota nalo hadi ghalani. La pili vilevile. Kwenye la tatu kamba ilimponyoka, gunia likaketi chini kwa kishindo, naye akabaki ameinama juu yake, viganja vyote viwili vimelilalia, akihema.

Mke alikuja akashika pembe mbili za upande wa pili. Mume hakumtazama. Angeweza kumwambia aache; midomo ilifunguka, pengine kwa neno hilo. Mlinzi alikuwa akiwaangalia kutoka getini. Mume alisogeza mikono, akaacha pembe mbili kwa mkewe na kubaki na mbili, akangoja mpaka alipoona vidole vyake vimekamata vizuri.

"Moja," alisema. "Mbili."

Wakanyanyua. Yalikuwa yamebaki ishirini na moja, na hilo lililokuwa mikononi mwao.